Mama anaporudi saa 2 usiku, nani amemwona mtoto akila?

Foleni ya Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara haina huruma na mtu. Mama anayefunga duka Kariakoo saa 12 jioni anaweza kufika nyumbani saa 2 usiku, na mvua ikinyesha, saa 3. Akifika, watoto wameshakula, mdogo amelala kwenye kochi na sare za shule, dada wa kazi anaosha vyombo na baba anafuatilia mpira kwenye televisheni. Kwenye sufuria kumebaki ugali uliopoa na mchuzi wa kukwangua.

Mama anauliza kama watoto wamekula. Anajibiwa kwamba wamekula. Anakaa jikoni na sahani yake, anakula peke yake, kisha anaanza kupasi nguo za kesho.

Kuna mambo mengi ambayo jibu hilo fupi haliyasemi. Halisemi mtoto alikula kiasi gani, alibakiza nini, wala nani alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Katika nyumba nyingi za mijini, wiki nzima inaweza kupita bila mzazi yeyote kumtazama mtoto wake akila mlo kamili.

Hali hiyo haiko Dar es Salaam peke yake. Muuguzi wa zamu za usiku Mwanza anaijua. Mama lishe anaijua zaidi, maana anawalisha mafundi na madereva kutwa nzima, na watoto wake nyumbani wanapewa hela ya chipsi. Hata mkulima anayetoka shambani jua likizama anakuta moto umezimika na watoto wamesinzia.

Mazungumzo kuhusu jambo hili huishia kumlaumu mama kwamba wanawake wa siku hizi hawapiki. Lawama hiyo haijawahi kushibisha mtoto. Mtoto hahitaji kila sufuria ikorogwe na mkono wa mama yake. Anahitaji chakula chenye mchanganyiko unaofaa, na anahitaji mtu mzima anayempenda ambaye anamwona akila. Kazi zote mbili zinaweza kugawanywa, na nyumba inayozigawanya vizuri hupata mlo wa pamoja hata kama mama ana kazi nyingi.

Chakula kuwepo si sawa na mtoto kulishwa

Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa.

Mikoa hiyo haina njaa. Ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara, lishe ya mama wakati wa ujauzito na ulaji wa aina moja ya chakula. Lakini wataalamu wa lishe wamekuwa wakitaja pia jambo ambalo halionekani ghalani, nalo ni muda wa mlezi. Mama akishinda shambani na mtoto akaachiwa ndugu yake mwenye miaka 7, uji hunywewa mara moja badala ya mara tatu.

Kwa mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 8, Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likishauri milo 2 hadi 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama. Kuanzia miezi 9 hadi 23, milo iwe 3 hadi 4. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo hawezi kufidia usiku kile alichokikosa mchana.

Sheria nayo inatambua kwamba kulisha kunahitaji muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaporudi kazini, mwajiri anatakiwa kumpa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Wapo kina mama ambao hawazidai saa hizo kwa sababu hawajui kwamba ni haki yao.

Sahani husema mapema

Mzazi anayekaa na watoto wakati wa kula hupata taarifa ambazo hakuna ripoti ya shule itakayompa. Mtoto anayetafuna upande mmoja pengine ana jino bovu. Anayesukuma chakula kwa siku 3 mfululizo anaweza kuwa na homa inayoanza, minyoo, vidonda mdomoni au jambo linalomsumbua darasani. Binti wa miaka 14 ambaye kila siku anasema ameshiba kabla hajaanza kula anahitaji kuzungumza na mtu, kwa upole, mbali na masikio ya wengine.

Zipo dalili zisizotakiwa kusubiri. Mtoto anayekunywa maji mengi kupita kawaida, anakojoa mara kwa mara na anakonda ingawa anakula, anatakiwa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa hizo ni dalili za kisukari. Mtoto au mama mjamzito anayetamani kula udongo, mchele mbichi au barafu anaweza kuwa na upungufu wa madini chuma, na anahitaji kupimwa damu.

Hapa kuna jambo la kuangalia kuhusu desturi yetu ya kula sinia moja. Ni desturi njema, inafundisha kugawana na kungojeana. Hata hivyo, mtoto wa miaka 2 hawezi kushindana na kaka yake wa miaka 10 mwenye mkono mwepesi. Wakubwa wakishashiba, mdogo naye huinuka nao, na kila mtu hudhani amekula. Kwa hiyo mtoto mdogo awe na bakuli lake pembeni ya sinia, ili mzazi aone kilichoingia na kilichobaki. Baadaye atahamia kwenye sinia akiwa ameiva.

Mazungumzo nayo ni chakula

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani wamewafuatilia vijana kwa miaka mingi katika mradi unaoitwa Project EAT, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na wanafunzi zaidi ya 4,700. Walibaini kuwa vijana waliokula mara nyingi na familia zao walikula mboga na matunda zaidi kuliko wenzao waliokula nao mara chache. Watafiti wengine nchini humo walirekodi mazungumzo ya familia wakati wa mlo, wakaona kuwa watoto wadogo waliosikia maelezo na simulizi ndefu mezani walijenga msamiati mpana.

Matokeo hayo yasichukuliwe kama dawa. Familia zinazokula pamoja huenda tangu mwanzo zina utulivu zaidi, au wazazi wenye kazi za saa zinazotabirika. Na mlo wa pamoja unaojaa kelele na matusi haumjengi mtoto. Lakini mwelekeo wake unafanana na kile ambacho bibi na babu zetu walikifanya bila kuandika popote.

Zamani, wakati wa kusubiri ugali uive ndio ulikuwa wakati wa "Paukwa!" na "Pakawa!". Watoto walijua ukoo wao umetoka wapi kwa sababu walikaa jikoni na mtu aliyekuwa anajua. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao, kwa mfano kama wanajua wazazi wao walikutana wapi au bibi yao alikulia wapi. Watoto waliojua zaidi habari za familia walionekana kujithamini zaidi.

Mzazi hahitaji chuo kikuu kufanya jambo hilo. Wakati wa kula anaweza kueleza jinsi babu alivyotembea hadi shuleni, au siku shangazi alipounguza pilau ya harusi. Kinachoua mazungumzo ni kugeuza mkeka kuwa mahakama. Matokeo ya mtihani, ada na makosa ya juzi yatafutiwe saa nyingine. Simu zikae kabatini, za wazazi zikitangulia, na televisheni izimwe kwa dakika 20 tu.

Jikoni mara chache, chakula siku nyingi

Kinachomshinda mama mwenye kazi mara nyingi si mapishi yenyewe. Ni kuanza na sufuria tupu saa 2 usiku. Maharage makavu kwenye jiko la mkaa yanaweza kuchukua saa 2 au zaidi, na hakuna mtoto atakayeyasubiri. Ndiyo maana nyumba nyingi huangukia chipsi mayai au wali mkavu na mchuzi wa nyanya.

Njia ya kwanza ni kupunguza muda wa jiko. Maharage yakilowekwa usiku na maji ya kulowekea yakamwagwa, huiva haraka na hupunguza gesi tumboni. Sufuria ya presha, iwe ya kawaida au ya umeme, hupika maharage yaliyolowekwa kwa chini ya saa 1. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mama wa mjini, faida yake ya kwanza ni moshi kidogo kifuani na saa moja zaidi ya kukaa na watoto.

Njia ya pili ni kupika kwa wingi mara 2 kwa wiki kwa mwenye friji. Jumapili huchemshwa maharage au choroko, hugawanywa kwenye vyombo vidogo vyenye mifuniko, na kila siku kimoja huungwa kwa kitunguu, nyanya na nazi. Yaliyochemshwa huweza kukaa kwenye friji siku 3 hadi 4. Yatakayotumika baadaye yagandishwe.

Asiye na friji asijaribu njia hiyo. Yeye ategemee vitu vikavu vilivyoandaliwa mapema. Dagaa wachambuliwe, waoshwe na kukaushwa tena juani. Karanga zikaangwe na kusagwa kidogokidogo, na zilizoota ukungu au kusinyaa zitupwe bila kuzionea huruma. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Akiwa na dagaa safi, karanga na fungu la mchicha, mlo wa jioni hauzidi nusu saa.

Mpango wa wiki unaweza kuwa mwepesi. Jumatatu, ugali wa dona, dagaa na matembele. Jumanne, wali na maharage ya nazi na kipande cha papai. Jumatano, ndizi zilizopikwa na njegere. Alhamisi, viazi vitamu, mayai na mchicha. Ijumaa, ugali, samaki na bamia. Cha kuzingatia ni kila mlo uwe na cha wanga, cha kujenga mwili, mboga na, mfuko ukiruhusu, tunda la msimu.

Madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani huingia mwilini kwa urahisi zaidi yakiambatana na vitamini C. Kukamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa baada ya mlo kunatosha. Chai, ambayo wengi huinywa pamoja na chakula, hufanya kinyume kwa kuzuia madini hayo. Ni vizuri ingoje saa 1. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa na usichemshwe hadi upoteze rangi. Kisamvu ni tofauti, kinatakiwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri hadi kiive, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Kiporo kina masharti yake

Hakuna anayetaka kumnyima mtoto kiporo cha wali na chai ya asubuhi. Lakini wali unaolala mezani umefunikwa kwa sahani ni hatari. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayoleta kutapika, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa hadi utoe moshi.

WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Wali wa kesho utandazwe kwenye chombo kipana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji. Asubuhi upashwe mara moja tu hadi uwe wa moto kote. Pasipo friji, ni salama zaidi kupika kiasi kinachokwisha. Mama anayechelewa kurudi atengewe chakula chake mapema na kiwekwe kwenye hotpoti kikiwa bado cha moto, badala ya kuachiwa sufuria iliyopoa tangu jioni.

Chungu kiwe cha wote

Mama anayeshika kila kitu peke yake hulipa kwa mwili wake. Katika nyumba nyingi yeye hula mwisho, na hula kilichobaki. Nyama ni ya baba, yai ni la mtoto, mchuzi ndio wake. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi na anahitaji madini chuma zaidi kuliko mumewe. Akichoka, akapata kizunguzungu na kuhema anapopanda ngazi, huambiwa ni kazi nyingi, wakati huenda ana upungufu wa damu. Sahani yake ipakuliwe wakati mmoja na za wengine, ikiwa na kila kilichopikwa.

Baba anayefika nyumbani kwanza ndiye awashe jiko. Kupika ugali hakumpunguzii mwanaume heshima, na wengi waliopitia bweni, jeshi au maisha ya ubachela wanajua kupika vizuri. Mtoto wa kiume anayemwona baba yake akimenya vitunguu hatahitaji kufundishwa jambo hilo ukubwani.

Watoto nao wana sehemu yao. Mwenye miaka 5 anaweza kuchambua mchele, kuosha nyanya na kutandika mkeka. Mwenye miaka 9 anaweza kukata mboga akiwa na mtu mzima karibu. Kuanzia miaka 12, ajifunze kupika mlo mmoja kamili. Mafuta ya moto na jiko la mkaa vibaki mikononi mwa wakubwa, na vyungu vya moto visikae sakafuni mahali mtoto anatambaa. Mtoto aliyechambua mboga mwenyewe mara nyingi huwa tayari kuionja.

Dada wa kazi ndiye anayeshika mwiko katika nyumba nyingi, lakini hukumbukwa chakula kikiungua tu. Mama anaweza kukaa naye Jumapili jioni kwa dakika 15, wakapanga chakula cha wiki, bajeti ya sokoni na nani anakula nini. Aombwe aeleze kila jioni mtoto amekula kiasi gani na amekataa nini. Na wakati wa kula, akae mkekani na familia. Mtoto anayemwona dada akila peke yake jikoni anajifunza kwamba baadhi ya watu hawastahili kukaa naye.

Jioni ikishindikana

Kwa baadhi ya kazi, jioni haiwezekani kabisa, na hakuna sababu ya kujilaumu. Muuguzi anayetoka zamu saa 1 asubuhi anaweza kukaa na watoto wake wakati wa chakula cha mchana siku za mapumziko. Anayerudi usiku kila siku anaweza kuchukua asubuhi: dakika 15 za uji, wote wamekaa, hata kama ina maana ya kuamka mapema kidogo. Baba aliye mgodini au safarini anaweza kupiga simu ya video wakati watoto wanakula, akasikia habari za siku. Mama anayelea peke yake anaweza kumkaribisha bibi, mjomba au jirani mwenye watoto, wakapokezana kupika siku za wiki.

Nyumba isiyozoea isianze na milo 7. Ichague mmoja, kwa mfano Jumapili mchana, na kila mtu ajue kwamba saa hiyo haiguswi na kikao, vikoba wala mpira. Ukishazoeleka, uongezwe wa pili katikati ya wiki. Chakula kinaweza kuwa maharage yaleyale ya kila siku. Muhimu, wawepo wote, simu ziwe mbali, na mzazi apate nafasi ya kuona nani amemaliza sahani yake, nani ameiacha, na kumuuliza taratibu kuna nini.